Mita Moja na Ishirini Kutoka Ukutani

Kituo cha nne cha siku ile kilikuwa kichochoro kilicho nyuma ya kiwanda cha miso, rojo ya soya iliyochachuliwa, na Kazama Fumie alipofika huko saa saba na nusu mchana magoti yake yalikuwa yameshachoka kuinama. Alizima gari, akakaa kidogo bila kufungua mlango. Mbele yake mafundi watano wa Oguma walikuwa wamesimama karibu na mtambo wa kuchimbia, ule wanaouita kijiko, mikono imo mifukoni, wote wakimtazama. Hakuna mtu anayependa kumngoja mwenye rangi.

Mwenye rangi ndilo jina walilompa. Katika mji wa Tomisawa barabara haichimbwi mpaka kwanza Fumie apite na mashine yake ya kusikiliza na karatasi za ofisini, apime, kisha apulize mistari juu ya lami: njano kwa gesi, buluu kwa maji, nyeupe kwa nyaya za simu. Mistari ikishakauka, wachimbaji huiamini bila kuuliza tena. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, na kabla ya hapo alikaa ofisini akizichora hizo karatasi zenyewe kwa wino. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mwisho wa mwezi wa tatu angestaafu, na siku zilizobaki alizihesabu kama mtu mwenye mzigo anavyohesabu vidato vya ngazi.

Alishuka.

"Mama Kazama," alisema Oguma, msimamizi wa kikosi, mtu mfupi mnene mwenye sauti ya mnadani. "Tulidhani umeolewa huko njiani."

"Na nani, na magoti haya?"

"Wapo wazee wanaotafuta. Hawataki mtu wa kukimbiakimbia."

Wenzake walicheka. Mmoja hakucheka. Nagumo alikuwa ameketi kando juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo limelazwa mapajani, akiangalia lami. Fumie alimsalimu kwa kichwa, naye akaitikia kwa kichwa, ikaishia hapo. Hadi mwezi wa nne mwaka ule, Nagumo ndiye aliyekuwa akiketi ndani ya kijiko.

Habari za mwezi wa nne zilijulikana mji mzima. Kule karibu na shule ya zamani, sentimita sabini na kitu nje ya mstari wa njano alioupuliza Fumie, meno ya kijiko cha Nagumo yalipasua bomba la gesi. Hakuna aliyeumia. Nyumba arobaini zilikaa siku mbili bila gesi, wazee wakabebwa kwa basi dogo kwenda kuoga kwenye bafu la umma, na wakubwa wa kampuni wakaja na suti na kofia za plastiki kuinamisha vichwa na kuomba radhi mlango kwa mlango. Mstari wa Fumie ulikuwa palepale karatasi iliposema. Basi ikaandikwa kwamba tetemeko lile kubwa, la miaka kumi na tano nyuma, lilikuwa limelisogeza bomba chini kwa chini. Tomisawa kila kisichokaa mahali pake husemwa kimesogezwa na tetemeko: uzio, mawe ya makaburi, hata ndoa za watu. Kwa hiyo hakulaumiwa mtu. Ila mwenye kazi alisema asingependa kumwona tena yule dereva ndani ya kijiko, na tangu siku hiyo Nagumo akapewa koleo.

Fumie hakuambiwa neno. Hilo lilimchosha kuliko magoti. Tangu mwezi wa nne, kila jioni kabla ya kwenda kwake alipita tena kwa gari kwenye kazi zote za siku, polepole, kioo kikiwa wazi, akinusa.

"Leo tunapitisha bomba la kuyeyusha theluji," Oguma alimweleza, akionyesha kwa kidole. "Katikati ya njia, kutoka hapa mpaka barabara kuu. Wenyeji wameliomba miaka tisa. Wakata lami wangu wanaondoka saa tisa, wana kazi nyingine. Tarehe thelathini manispaa inafunga ruhusa zote mpaka theluji iishe, na leo ni ishirini na sita. Sasa nipulizie mstari wako mzuri wa njano, mama, nianze."

Barabara kuu ilikuwa na bomba la namna hiyo tangu zamani. Wakati wa theluji maji ya kisima hutoka kwenye vitundu vyake usiku kucha, na kutu ya maji hayo ilikuwa imeigeuza lami kuwa nyekundu kama tofali. Kichochoro hiki kilikuwa bado cha kijivu. Mtu anayeishi kwenye njia ya kijivu anajulikana mjini kwa mabega yake: huamka alfajiri na koleo kuzoa theluji, na mchana hurudia.

Nyumba ya kwanza kushoto ilikuwa ya Bibi Takatsu Mine, mjane wa miaka themanini na moja. Alikuwa nje, kichwa amekifunga taulo, akipanga chini ya paa boriti na mbao za kukingia ukuta theluji, kama kila nyumba ifanyavyo mwishoni mwa Novemba.

"Wewe ndiye mwenye rangi?" aliuliza. "Fanya haraka, mwanangu. Nikifa kabla maji hayajatoka humo njiani, nitawatokea ninyi wote, nikianza na huyu mnene."

"Mimi nimekosa nini, bibi?" Oguma alilalamika.

"Wewe ndiwe rahisi kuonekana."

Fumie alitoa karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki. Mstari mmoja wa bomba, mraba wa nyumba, na kwenye kisanduku kilichochapwa *kutoka ukuta wa nyumba* palijazwa kwa wino: 1.20. Tarehe sita Desemba, mwaka wa hamsini na nane wa Showa, yaani 1983. Pembeni palikuwa na mhuri mdogo mwekundu wa aliyepima: Hirokawa. Lilikuwa jina la Fumie la usichana. Karatasi zenye mwandiko wake zilikuwa nyingi mno. Alikwisha kuacha kuziona kama zake.

Alipima kutoka kwenye ukuta mita moja na ishirini, akaweka alama ya chaki. Kisha akafunga waya wa mashine kwenye mita ya gesi ya bibi. Bomba la gesi la huku ni la plastiki, na plastiki haisikiki. Kinachosikika ni waya mwembamba unaolazwa juu yake. Akavaa visikilizio, akaishika mashine karibu na lami, akatembea kwa hatua fupi akivuka njia. Sauti ilikuwa mbali, ikakaribia, ikapanda ikawa kali, ikashuka. Alirudi nyuma. Kilele chake kilikuwa kwenye mita moja na thelathini. Sentimita kumi tu kutoka kwenye chaki.

"Wamepatana," alisema Oguma, aliyekuwa akichungulia begani kwake. "Karatasi na mashine. Kuna watu wameoana kwa chini ya hapo."

Fumie alitikisa kopo la rangi. Gololi iligonga ndani, kwa, kwa, kwa. Akabonyeza kitufe cha kina, kwa mazoea tu, na namba ikatokea: sentimita arobaini na saba.

Alibonyeza tena. Arobaini na sita.

Bomba la gesi hulazwa karibu na mita moja kwenda chini. Alisimama pale na kopo mkononi. Mwezi wa nne pia namba ilikuwa ndogo. Siku ile ilikuwa kazi ya tano, mvua ikinyesha, kiuno kikiwaka moto, naye akajiambia ni betri, akapuliza. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Hata kwenye ripoti hakuliandika, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Nataka tundu la mkono," alisema.

"La nini?"

"Kina hakikubali. Nataka kuona kwa macho."

Oguma aliangalia saa, akaangalia mbingu, ambayo ilikuwa imeshuka mpaka kwenye bomba la moshi la kiwanda cha miso. "Mama, una mistari miwili inayosema kitu kimoja. Tundu la mkono ni saa nzima."

"Nitangoja."

"Wewe unangoja kwa mshahara. Mimi nangoja na watu watano na gari la wakata lami."

"Bila tundu sipulizi, bosi."

Nagumo alikuwa ameshainuka kabla hajaambiwa. Wakata lami walikata mraba mdogo kwenye alama, naye akaanza kuchimba. Alichimba vizuri, kwa vipande vidogo, akisikiliza ncha ya koleo. Fumie alisimama karibu. Katika miezi saba hawakuwahi kuwa karibu hivyo. Angetaka kusema kitu, na kila neno lililomjia lilikuwa ama dogo mno ama kubwa mno, kwa hiyo akashika tochi.

Kwenye nusu mita koleo liligonga chuma. Nagumo alifuta udongo kwa glavu. Lilikuwa bomba la chuma, jeusi, lenye kutu ya magamba, limefungwa kizibo upande mmoja.

"Bomba la maji la zamani," alisema. "Limekufa."

Ndipo Fumie alipoelewa mashine ilikuwa ikiimba nini. Waya wa gesi ulikuwa umekatika mahali fulani chini, na umeme wa mashine, ukikosa njia, uliruka kwenye chuma kilichokuwa karibu. "Endelea mpaka mita moja na kumi," alisema. "Na upanue, kila upande." Nagumo aliendelea. Chini yake palikuwa na mchanga, kokoto, na kipande cha bakuli la buluu. Hapakuwa na gesi.

"Sawa," alisema Oguma. "Haipo. Tetemeko limeipeleka kwa jirani."

"Mita ya bibi inazunguka. Anapikia nini?"

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba mimi nachimba katikati ya njia, mita mbili kutoka ukutani. Karatasi yako inasema moja na ishirini. Hata ikikosea, niko mbali."

"Nagumo naye alikuwa mbali," alisema Fumie.

Lilikuwa jina ambalo mbele ya Fumie watu walikuwa hawalitaji, na sasa amelitaja mwenyewe. Nagumo aliendelea kufuta udongo kwenye koleo lake kwa kidole gumba, akilisafisha kama chombo cha kulia.

"Nipe nusu saa," Fumie alimwambia Oguma. "Ikifika saa tisa sijapata, ondoka na watu wako, na mimi nitaandika kwamba kosa ni langu."

Oguma alipuliza pumzi, akaenda kuvuta sigara. Vijana wake, kwa kukosa la kufanya, walimwendea Bibi Takatsu, ambaye alikuwa amekwama na boriti ya tatu.

"Acha, bibi, utavunjika."

"Nimeziinua miaka hamsini."

"Ndiyo maana tunasema acha."

Walizisimamisha kwa dakika chache. Boriti zile hazikai wima. Kichwa hufungwa chini ya ncha ya paa, na mguu huwekwa nje, kwenye jiwe lenye shimo, ili theluji inayoteremka isiukandamize ukuta; kila boriti na jiwe lake, mwaka baada ya mwaka, mahali palepale. Halafu mbao hufungwa kwa kamba kutoka chini kwenda juu, mpaka nyumba inakuwa kama imevaa koti. Bibi alisimama nyuma yao akikosoa mafundo.

Fumie alikuwa amepiga magoti kwenye tundu, akaona kwamba hana jambo jingine la kufanya ila kupima upya. Pengine alikuwa amesoma vibaya futi. Aliinuka kwa kushika ukingo wa ndoo ya Nagumo, akavuta futi, akaenda kwenye nyumba, na mkono wake ukabandika ncha ya futi kwenye mbao.

Akabaki ameinama hivyo.

Ukuta ulikuwa nyuma ya mbao. Asingeweza tena kuugusa kwa mkono bila kufungua kamba. Mkono wake haukuwa umefikiri. Ulikuwa umebandika futi kwenye uso wa nyumba, kile kitu cha kwanza kilichokuwa wima mbele yake, kwa namna ambayo mkono hufanya jambo ulilokwisha kulifanya mara nyingi.

Desemba tarehe sita. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mwezi wa pili kazini. Alitoka pwani, kule ambako upepo huipeperusha theluji na nyumba hazivalishwi mbao, na hakuna aliyemweleza. Mifereji ilikuwa wazi, mafundi wanakimbizana na theluji, na yeye akipita na futi yake nyumba hadi nyumba, peke yake, vidole vimekufa ganzi, akibandika ncha kwenye mbao na kuandika kwenye kisanduku kilichochapwa tayari: kutoka ukuta wa nyumba. Mwaka uliofuata aliolewa Tomisawa, akafunga mbao kwenye nyumba ya mama mkwe, akajua mbao ni nini. Wala hakuwahi kukumbuka kugeuza kichwa na kutazama alichoandika kabla ya kujua.

"Bibi," aliita. "Haya mawe ya kuwekea miguu ya boriti, yamewahi kuhamishwa?"

"Aliyaweka baba mkwe wangu. Nani ayahamishe?"

Aliingiza mkono kwenye nafasi kati ya mbao mbili, akasukuma futi mpaka ikagusa ukuta. Sentimita sabini na nane. Akajumlisha na mita moja na ishirini, akajumlisha tena kwa kuwa hakuiamini akili yake ya saa hiyo. Kisha akatembea mpaka katikati ya njia. Alama ya chaki ya Oguma, mahali ambapo meno ya kijiko yangeanzia, ilikuwa karibu na ncha ya kiatu chake.

"Bwana Nagumo," alisema. "Hapa. Kwa mkono, taratibu."

Alichimba bila kuuliza. Baada ya nusu mita lilitokea tepe la plastiki lililofifia, lile la kuonya. Aliweka koleo pembeni, akaendelea kwa mwiko mdogo na kwa vidole. Oguma alikuja na sigara yake, akasimama, akasahau kuivuta. Karibu na mita moja lilionekana bomba la njano, safi, kama limelazwa wiki iliyopita. Waya wake ulikuwa umekatika, ncha imeota ukijani.

"Katikati kabisa," Oguma alisema. "Ningelivamia mzima mzima." Akaketi kwenye ukingo wa njia. Hesabu aliifanya kwa sauti: mfereji wake sasa ilibidi usogee nusu mita, kuusogeza kunataka mchoro mpya, mchoro mpya unataka mhuri wa manispaa, na kesho na keshokutwa ni Jumatano na Alhamisi, na yule wa mihuri hajawahi kuugonga kwa chini ya wiki. "Basi. Mpaka mwezi wa tano. Funikeni."

Fumie ndiye aliyekwenda kumwambia bibi. Alidhani atalia au atafoka. Bibi Takatsu alifungua fundo la mwisho, akalifunga upya kwa kukaza zaidi.

"Kumi sasa," alisema. "Miaka. Haya, ngoja." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa figili zilizochachuliwa. "Chukua. Umenikosesha maji, lakini hukuniunguza. Nimeona ulivyokuwa unatetemeka."

"Ni baridi, bibi."

"Ndiyo, baridi."

Wakati wengine wakirudisha udongo, Oguma alimfuata mpaka kwenye gari. Aliongea chini, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Andika tetemeko, mama."

Fumie alimtazama.

"Nimeelewa, mimi si mjinga. Nimeona ulivyopima kwenye zile mbao. Lakini umebakiza miezi minne. Ukisema ni karatasi, wataziuliza zote. Wataniuliza na mimi nilichimba wapi kwa kufuata zipi. Tetemeko halina pensheni, halina mke. Liache libebe."

"Limebeba mengi tayari," alisema Fumie.

Alipobaki peke yake ndani ya gari alifungua kisanduku cha mbele. Nakala ya karatasi ya mwezi wa nne ilikuwa humo tangu mwezi wa nne, imekunjwa mara nne, hakuwahi kuikunjua. Aliikunjua sasa juu ya usukani. Tarehe ishirini na nane Novemba, mwaka wa hamsini na nane. Kutoka ukuta wa nyumba, mita moja na kumi. Hirokawa.

Hakulia, ingawa alingoja aone kama atalia. Kabatini ofisini kulikuwa na droo nzima ya Novemba na Desemba ya mwaka ule. Mapema mwaka uliofuata walimhamishia mezani, ndiyo maana ilikuwa droo moja. Droo moja ilitosha.

Alichukua kalamu ya wino mwekundu. Kwenye karatasi ya kwanza aliandika, kwa mwandiko uleule mdogo wa kulala upande: *Kipimo kilichukuliwa kutoka mbao za theluji, si ukuta. Ongeza 0.78.* Kwenye ya pili aliandika maneno hayohayo, na kwenye nafasi ya namba akaacha wazi, kwa sababu hakuwa ameenda kupima. Chini yake akaongeza mstari mmoja: siku ya kazi kina kilionyesha pungufu, nami sikuangalia. Akagonga mhuri wake wa sasa, Kazama, karibu na ule wa zamani. Ndipo akampigia simu mkuu wake, maana alijua kwamba akipiga kwanza hataandika.

Mkuu alisikiliza. Akasema asiandike chochote mpaka wakutane asubuhi.

"Nimeshaandika," alisema Fumie. "Nimegonga na mhuri."

Nje, kikosi kilikuwa kikipakia vyombo. Alimkuta Nagumo nyuma ya kigari chake, akivua buti. Alimpa zile karatasi mbili bila maneno, kwa mikono miwili, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu. Nagumo alisoma. Alirudi juu akasoma tena.

"Kwa hiyo si tetemeko," alisema.

"Si tetemeko. Ni mimi. Mara mbili."

Alitarajia kutukanwa, na kwa kiasi fulani angetulia. Nagumo alikaa kwenye ukingo wa kigari, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Unajua mke wangu aliniuliza mara ngapi kama nilisinzia?" alisema. Alisema kama mtu anayehesabu kitu kisichomhusu. "Kila usiku. Nilikuwa nimesinzia? Nilikuwa nimekunywa jana yake? Nikasema hapana, nikasema hapana. Mwezi wa sita nikamwambia ndiyo, nilisinzia kidogo. Ili tulale." Akavaa kiatu. "Sasa hata mimi mwenyewe siku nyingine nakumbuka nikisinzia. Naona kabisa kichwa kinaanguka."

"Hukusinzia."

"Mwambie yeye."

"Nitamwandikia barua. Na kesho ofisini..."

"Kesho ya ofisini ni ya ofisini," alisema Nagumo. "Mimi nikimpelekea karatasi atasema nimeitengeneza. Njoo umwambie wewe. Leo. Anatoka kazini saa kumi."

Fumie alifikiria magoti yake, na maji ya moto, na nyumba yake ambako hakuna aliyekuwa akimngoja. Alifikiria pia kwamba kazi tatu za asubuhi ile alikuwa hajazipitia.

"Tangulia," alisema. "Nitakufuata."

Aliendesha nyuma ya kile kigari, wakatoka kichochoroni, wakaingia barabara nyekundu. Kwenye taa alikiona kichwa cha Nagumo kupitia kioo cha nyuma, kimenyooka, hakigeuki. Mbingu ilikuwa bado haijaangusha kitu.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya ghorofa moja, mbao zake za theluji zimekwisha kufungwa vizuri, mafundo yote upande mmoja. Nagumo aliingia kwanza, akaita. Mwanamke mwembamba aliyevaa aproni ya duka la vyakula alitoka akipangusa mikono, akamtazama Fumie, na uso wake ukajifunga mara moja, kwa kuwa watu wenye jaketi la kampuni walikuwa wameshafika pale mlangoni mara moja kabla, mwezi wa nne, na hawakuleta heri.

Fumie alivua viatu, akivigeuza ncha kuelekea nje, na ikambidi ashike ukuta ili asimame. Alitoa ule mfuko wa figili, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuingia nacho kwa watu. Akapewa mto wa kukalia, na chai. Aliikunja miguu yake chini yake ingawa iliuma hadi kiunoni, akazitandaza karatasi mbili mezani, na kuzigeuza ili mwenye nyumba aweze kuzisoma.

"Dada," alisema, "nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na sikujua mbao za theluji ni kitu gani."

Mke wa Nagumo alimtazama mumewe, kisha karatasi, kisha akavuta taa ya mezani karibu zaidi.